Kijiti Kwenye Kifuu

Tak, tak. Kijiti kikigonga ukingo wa kifuu mara mbili, halafu kimya. Sauti hiyo naisikia hadi leo. Shangazi yangu alikuwa mchora piko, ile rangi nyeusi wanayochorwa maharusi, na miaka ile ya themanini hapakuwa na harusi ya maana Shella ya Malindi bila mkono wake. Kabla ya kila mstari, tak, tak, pumzi moja ndefu, ndipo achore. Mimi, mwanafunzi wake, nilidhani ni madaha tu.

Siku moja akanipa mguu wangu wa kwanza kuchora. Bibi harusi alikuwa anaolewa Kilifi, na wakwe wangefika alasiri ile ile kumtazama. Shangazi alimaliza mguu wa kulia, akanisukumia kifuu cha rangi.

"Wa kushoto wako, mwanangu."

Nami kichwa changu hakikai, jamani. Nimeshika kijiti, nishafika mbali: nasifiwa, mara nachekwa na wakwe, mara shangazi anaaibika mtaa mzima. Moyo mbio, mkono ukatetema, tone likadondoka juu ya kifundo. Na piko likishashika ngozi halifutiki.

"Ewe!" bibi harusi akapiga kelele. "Naolewa mie au nachanjwa?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mimi machozi.

"Shangazi, tafadhali, lifunike wewe kwa ua."

"Liko wapi?"

"Si hilo hapo!"

Akaniinamia sikioni. "Sioni, mwanangu. Mwaka wa pili huu naona vivuli tu. Ukishindwa leo, watajua wote, na kazi yangu imekwisha."

Niliutazama ule mguu wa kulia: majani, mikufu, nukta zimepangana kama shanga. Kumbe kile kijiti alikigonga kutafuta kifuu kilipo!

"Sasa unachoraje?" nikamnong'oneza.

"Kidole gumba kinatangulia juu ya ngozi, kijiti kinafuata. Nikiwawaza wakwe, nimepotea. Nawaza pale kidole kilipo, basi. Pumzi ikitoka, mstari unatoka nayo. Akili ikikimbia usiigombeze, iite irudi. Haya."

Tak, tak. Nikavuta pumzi. Wakwe wakanijia kichwani, nikarudi kwenye kidole. Wakaja tena, nikarudi tena, sijui mara ngapi. Tone likawa kitovu cha ua. Nilipoinua kichwa, mguu umekwisha na shingo inaniuma, na mkono, wallahi, umetulia.

Mama mkwe alipofika aliishika miguu yote miwili, akaigeuza geuza, akamwambia shangazi, "Bibi, mkono wako haujazeeka."

Shangazi akacheka. Mimi nikaokota kifuu na kijiti.

Nilikwenda uani peke yangu kuosha kifuu, rangi kidogo ikiwa imebaki ndani. Kwetu msichana ambaye hajaolewa hachorwi piko. Nikaketi juu ya jiwe, nikafumba macho. Tak, tak. Pumzi ikatoka, nami nikaweka nukta moja chini ya unyayo wangu, asipopaona mtu, nikausikia ubaridi wake.