Mtoto wa Nyuma ya Pazia

Juzi, kwenye zahanati moja ya Utange, nilimwona muuguzi akimzuia msichana mwenye mafua asiingie kumwona mama yake aliyejifungua. Msichana alimtazama kwa jicho la shaka nililolijua vyema.

Utotoni, kwetu Bofu, aliyenizuia mimi alikuwa bibi. Nilikuwa na homa ya mafua, na mama alikuwa chumbani na mdogo wangu aliyezaliwa wiki ile. Pazia la mlango lilinuka ubani. Nilisikia kilio chembamba, lakini paka wa jirani naye alilia hivyohivyo, na nepi zilizoanikwa uani zilikuwa zangu za zamani. Nikaamini kwamba mtoto hayupo, au wamempa mtu.

Kisha nikamsikia mama akikohoa.

"Bibi, mbona mama anakohoa na hatolewi?"

"Mamako ana maziwa. Wewe una nini zaidi ya makamasi?"

Jibu hilo likanizidishia shaka. Sikujua bado kwamba mwili wa mama unapopambana na virusi hutengeneza kinga, na mtoto huipata kwa kunyonya. Chafya zangu zingempa maradhi matupu.

Alasiri ile mama alinihurumia. Alijifunika pua na mdomo kwa leso, akamwinua mtoto dirishani, nami nikasimamishwa mbali uani.

"Haya, umemwona nduguyo?" mama aliuliza.

"Nimeona mtoto," nilijibu, nikipangusa pua. "Lakini sijui kama ni wetu."