Pasi za Mkono wa Kushoto

Watu wa Ngezi, mtaa wetu hapa Bunia, wakisikia kwamba nilicheza basketi ya kulipwa Uganda, wanafikiri nilikuwa ninalala hotelini. Nilicheza daraja la pili, Kampala, katika klabu ya tajiri mmoja mwenye duka la vyuma vya ujenzi. Malipo yetu yalikuwa chumba, ugali na maharage, na kitu kidogo cha mkononi pale duka lilipouza vizuri. Lakini sijawahi kufurahi vile tena, na sioni haya kulisema.

Kocha wa klabu hiyo aliniona hapa hapa Bunia, walipokuja kwa mechi za kirafiki kwenye tereni, uwanja wa saruji wa parokia. Alimfuata baba nyumbani kijijini. Mama aliogopa: mtoto wa kike, nchi ya watu, mpira! Baba, mfugaji asiyependa maneno mengi, aliniangalia kuanzia miguuni hadi kichwani, safari ndefu hiyo.

“Huyu urefu Mungu hakukupatia bule,” akasema. “Enda, mutoto yangu.”

Huko Kampala walinilaza chumba kimoja na dada aliyekuwa mpangaji wa mchezo wetu, yule anayeleta mpira mbele na kugawa. Alikuwa mfupi, mwenye shoto, mkubwa kwangu kwa umri. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota barabarani, na Kiganda changu hakikuwepo. Jina langu lilimshinda, akaniita Kongo. Asubuhi alikuwa akinigonga kisigino na kusema, “Kongo, kimbia,” nasi tukatoka kukimbia kwenye vilima kabla magari hayajajaa.

Uwanjani hatukuhitaji lugha. Alikuwa anaangalia kushoto, mabeki wote wanamfuata macho, kumbe mpira umeshatoka kwa mkono wake wa kushoto kupita nyuma ya mgongo na uko kifuani mwangu. Hakuwa ananitazama. Nilimuuliza siku moja alijuaje nilipo. Akacheka.

“Mimi nasikia viatu yako.”

Kweli, nilivaa viatu vya kiume, kwa sababu vya kike vya mguu wangu havikupatikana. Nilivijaza vitambaa kwenye ncha, na kila nilipokimbia vililia kama vifaranga. Wengine walinicheka kwa sauti ile. Yeye aliisikiliza.

Mechi ya kupanda daraja tulicheza mvua ikinyunyiza, saruji inateleza. Mwishoni kabisa tulikuwa nyuma kwa kikapu kimoja, kisha tukasawazisha, na mpira wa mwisho akanipa yeye. Sikumbuki kurusha. Nakumbuka alivyonirukia mgongoni, mfupi yule, ananipiga kichwani na kulia. Tulipanda daraja.

Wiki haikuisha, yule tajiri akatuita dukani, tukasimama katikati ya mabati na misumari. Akasema daraja la kwanza ni la watu wenye mali kubwa kuliko yake. Akatushukuru vizuri, kwa heshima, na klabu ikafa pale pale.

Rafiki yangu aliitwa na klabu ya Kigali. Akaniambia, “Kongo, twende. Watatuchukua sisi wawili.” Nilikuwa nimeanza kufunga mizigo mama aliponipigia simu. Kijiji chetu kilikuwa kimeshambuliwa, ng'ombe wa baba walikuwa wamechukuliwa wote, nao walikuwa wamekimbilia kwa ndugu Ngezi. Baba alikuwa amelala tu, hasemi, hali chakula.

“Anakuuliza weye,” mama akasema.

Nikarudi. Baba alikaa nasi hadi msimu wa mahindi, akatutoka, tukamzika. Baada ya hapo mama hakuwa na mwingine wa kusaidiana naye kuuza samaki wakavu sokoni, nami nikabaki.

Nacheza bado, jioni, na akina mama wa parokia. Ni wachezaji wazuri. Lakini mara nyingi najikuta nimekimbia hadi chini ya kikapu, mikono wazi, na mpira uko upande mwingine kabisa. Wananiambia, “Yaya,” yaani dada mkubwa, “unaendaka wapi?” Nawajibu nimechoka. Ningewaeleza nini? Kwamba kuna mtu mmoja duniani aliyekuwa anajua?

Mwaka jana rafiki yangu alinipigia simu kutoka Kigali, akasema anakuja. Klabu yake ilikuwa imempa mapumziko. Atapita Ntoroko, upande wa Uganda, avuke ziwa kwa mtumbwi wa mashine, nami nimpokee Tchomia, upande wetu. Nilishuka mlima kwa pikipiki tangu alfajiri, vumbi hadi kwenye meno. Nilipofika nikakuta bandari imefungwa kwa ajili ya usalama. Hakuna chombo kutoka, hakuna kuingia. Nikangoja karibu na matanuri ya kukaushia samaki, macho yanawasha kwa moshi. Mchana simu ikalia.

“Kongo, uko wapi?”

“Niko kando ya maji. Weye?”

“Ntoroko. Wamekataa kuvuka. Lakini mimi naona milima yenu.”

“Inaonekana namna gani?”

“Buluu. Karibu sana.”

Nilikuwa nasikia upepo wa kule kwenye simu, na upepo wa huku sikioni.

“Punga mkono,” akasema.

“Hutaniona.”

“Punga tu.”

Nikaweka mkono juu, huu mkono wangu mrefu, nikapunga. Wanawake waliokuwa wakigeuza samaki wakasimama kunitazama. Nikaendelea.

Alingoja hadi kesho yake, mimi vilevile, nikalala kwa mwanamke anayemuuzia mama samaki. Bandari haikufunguliwa. Mazoezi yalikuwa yanamngoja Kigali, akarudi.

Nyumbani mama alikuwa amefagia uwanja na kutandika kitambaa kipya mezani.

“Mugeni iko wapi?”

“Alibakia ng'ambo, mama. Walifunga maji.”

“Na kuku nilishachinja!”

“Tutakula.”

Tukaketi sisi wawili. Mama akaitoa firigisi, ambayo kwetu ni ya mgeni, akaizungusha juu ya sahani kidogo, kisha akaniwekea mimi.