Nani wa Kufuta Alama ya X

Mimi niliishia darasa la nne, na sioni aibu kulisema, maana waliomaliza chuo wanakuja kwangu kuomba kazi. Ukisimama kwenye soko la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, ukaangalia maboti yanayoingia na dagaa kutoka visiwani, mengi yamepita kwenye mikono yangu. Nilianza kwa kushika mbao ili fundi apige misumari. Siku hizi misumari wanapiga wengine, mimi naangalia tu, na jicho langu likisema mbavu za boti zimepinda, basi zimepinda. Nyumba ya Mkolani nimeijenga kwa maboti. Binti yangu nimemsomesha kwa maboti mpaka akawa mwalimu wa uraia sekondari. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba anayesimulia si mtu wa kuchanganywa kirahisi. Na bado nilichanganywa, na mpaka leo sijakaa sawa.

Ilianza asubuhi moja nilipofika karakanani kwangu, kando ya ziwa, nikakuta ukuta wa mbele umepigwa X kubwa ya rangi nyekundu. Chini yake neno moja: BOMOA. Jirani yangu, mama ntilie anayewapikia mafundi wangu, naye kibanda chake kilikuwa na X, ndogo zaidi kwa sababu kibanda chenyewe ni kidogo. Waliopaka walishaondoka. Waliacha maelezo kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba tuko ndani ya zile meta sitini za kingo za ziwa, na sheria hairuhusu mtu kujenga humo.

Nilicheka. Karakana ya maboti ikae wapi, mlimani? Lakini mafundi wangu hawakucheka, na mimi usiku huo sikula.

Wiki ileile mji mzima ulikuwa ukisema Rais anakuja, na msafara utasimama Buzuruga. Nikajua dawa imepatikana. Wote tunajua inavyokuwa: msafara ukisimama, wenye shida wanainua mabango. Rais akisoma lako, anaitwa mkuu wa mkoa hapohapo, anaulizwa mbele ya watu, na jambo lililokaa miaka linaisha kabla vumbi halijatulia. Nimeyaona kwenye luninga mara nyingi. Kwangu mimi serikali ni hiyo. Hao wengine wote ni mlango, na Rais ndiye mwenye nyumba.

Nilimwomba binti yangu aniandikie bango, ana mwandiko mzuri. Hakutaka. Akaanza kunifundisha kama niko kidato cha pili: kwamba Rais ni mkuu wa serikali, lakini sheria zinatungwa Bungeni, na ugomvi unaamuliwa mahakamani, na Rais hawezi kuingia kwenye kila ukuta wa Mwanza. Nikamwambia yeye kasoma vitabu, mimi nimesoma watu. Nikaenda kwa yule kijana anayeniandikia majina ya maboti ubavuni. Akaniandikia kwa rangi ya boti, juu ya ubao mzuri wa mninga, maana kadibodi ni ya watu wasio na karakana: MHESHIMIWA RAIS NIOKOE NAJENGA MABOTI YA TAIFA.

Hapo nilikosea, na ni kosa ambalo fundi wa boti peke yake angelifanya. Askari aliponiona Buzuruga nimebeba ubao mrefu kuliko mimi, akauliza kama nataka kumpiga mtu. Nikajitetea kwamba ni bango. Akasema bango ni karatasi, huu ni ubao. Tukaanza kuvutana, na ubao wa mninga si mwepesi, ukamwangukia mguuni. Wakaja wenzake. Na katika hekaheka hiyo msafara ukasimama, na sauti ikatoka kwenye spika juu ya gari: "Huyo mwenye ubao ana shida gani? Mwacheni aseme."

Nikapewa kipaza sauti. Watu wengi wakipewa kile kitu wanatetemeka. Mimi sikutetemeka. Nilianza na shikamoo, nikaeleza boti, nikaeleza darasa la nne, nikaeleza X. Watu wakashangilia. Rais akauliza mkuu wa mkoa yuko wapi, akajitokeza, akasimama wima. Na Rais akasema maneno ambayo nimeyashika kama yalivyo: "Huyu asiguswe mpaka niletewe taarifa."

Buzuruga yote ililipuka. Nilibebwa juu juu mimi, na mwili huu nilio nao.

Kuanzia siku ile nilitembea Kirumba kama nimechanjwa. Mama ntilie akawa ananiita "Asiguswe." Ananiwekea sahani na kusema, "Asiguswe, leo samaki au maharage?" Kisha siku moja, akiwa anakoroga chungu, akaniuliza kama nilimtaja na yeye. Nikasema niliutetea ukingo wote wa ziwa. Akasema hapana, yeye alisikiliza redioni, Rais alisema huyu, hakusema hawa. Ndani ya siku chache akavunja kibanda chake mwenyewe, akahamia ng'ambo ya barabara, na wateja wakamfuata hukohuko. Nilimwona mwoga.

Mimi nilifanya kinyume. Alikuja mfanyabiashara wa Ukerewe anayetaka boti kubwa la mizigo, kubwa kuliko yote niliyowahi kujenga. Nikaulaza mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, palepale mbele ya ile X. Boti la ukubwa ule likishaanza kusimama mbavu halihamishiki. Linaondoka kwa njia moja tu, nayo ni majini. Lakini mwenye boti alipokuja kuangalia kazi, macho yake hayakwenda kwenye boti. Yalikwenda ukutani. Akaniambia kwa upole kwamba mbao zilizobaki atazileta alama ile ikifutwa.

Jambo dogo, nikasema. Nikaenda halmashauri niombe waje na ndoo ya chokaa.

Afisa niliyemkuta alikuwa mtu mstaarabu, alinipa na kiti. Alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Mzee wangu, Rais alisema usiguswe, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi na sisi hatukugusi. Nikimtuma mtu na brashi kwenye ukuta wako, nimekugusa."

Nikamwambia hiyo ni kugusa kwa kusaidia. Akasema yeye hakuambiwa kugusa kwa kusaidia wala kwa kuharibu, ameambiwa asubiri taarifa. Na taarifa anaandika nani? Mkoa. Nikaenda mkoani. Mkoani wakasema wanasubiri wataalamu wa mazingira na wa maji wapime. Nikatafuta wataalamu. Wakasema wao wanapima wakiagizwa, na agizo litoke mkoani. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyeniomba chochote. Kila mmoja alinieleza vizuri kabisa, na kila nikitoka nilikuwa sielewi zaidi kuliko nilivyoingia. Mimi ndiye mtu pekee Kirumba niliyesemewa na Rais, na sikuweza kupata mtu wa kupaka chokaa.

Ningeweza kupaka mwenyewe, mnasema. Nilishika brashi mara moja. Kisha nikajiuliza kama mimi nami naruhusiwa kujigusa, nikaiweka chini.

Nikabaki na mkuu wa mkoa, maana yeye ndiye aliyesimama wima Buzuruga. Nikawa naenda ofisini kwake mara kwa mara, nikifika nasema mimi ndiye wa Buzuruga, na kweli mambo yakaanza kusogea. Wapimaji wakaja na kamba zao. Nikawapa soda. Nikajisifu kwamba nimeisukuma serikali kwa mikono miwili.

Jioni moja binti yangu akanipigia simu. "Shikamoo baba. Umeuona mkeka?"

Mkeka ndio ule uteuzi wa Ikulu, unaotoka kwenye simu watu wakiwa wanakula. Mkuu wetu wa mkoa amehamishwa. Rais aliyempa agizo langu ndiye aliyemwondoa na agizo langu likiwa mkononi mwake. Nilimuuliza binti yangu hilo linawezekanaje. Akasema Rais ndiye anayewateua na anaweza kuwabadilisha akitaka, ni madaraka yake. Nikamuuliza, sasa neno la Rais limekwenda naye mkoa mpya au limebaki hapa? Akasema limebaki ofisini, kwa sababu ofisi haihami. Kisha akaniuliza, taratibu, kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza.

"Baba, hiyo taarifa unayoikimbilia, ikishafika kwa Rais, itasema uko wapi?"

Nikasema itasema niko kando ya ziwa, kwani niko wapi.

"Ndani ya meta sitini?"

Ndipo nikaelewa. Rais alisema nisiguswe mpaka taarifa ije. Na anayeileta ni mimi. Mimi ndiye niliyewapa wapimaji soda.

Mkuu mpya aliikuta taarifa mezani, ikapelekwa inakopelekwa, na baada ya muda akaja mwenyewe karakanani, na viatu vyake vikaingia kwenye matope bila yeye kulalamika. Alilizunguka boti, akapiga mbavu kwa kiganja, akasema ni kazi nzuri. Nikaona njia imefunguka. Nikamkumbusha Buzuruga.

"Rais hakusema sheria isifuatwe," akaniambia. "Alitaka aelezwe. Ameelezwa."

"Na ameamuaje?"

"Sheria ifuatwe."

"Lakini Rais si ndiye mkubwa wa wote?"

"Ndiye. Na sheria ni kubwa kuliko yeye."

Nikamtazama nione kama anatania. Mtu huyu kaletwa hapa kwa neno moja la Rais. Neno hilohilo limemng'oa mwenzake kutoka kwenye kiti, yeye na samani zake. Na neno hilo haliwezi kuusogeza ukuta wangu, au kulisogeza ziwa, hatua kadhaa tu? Niliporudi Mkolani nilimbana binti yangu. Akasema sheria hiyo Bunge lilipitisha na Rais akasaini. Nikaruka: kumbe alisaini mwenyewe, basi aifute mwenyewe. Akasema alisaini rais, si lazima huyu. Nikamuuliza kwani rais ni mmoja au ni wengi. Akasema mtu anabadilika, kiti ni kimoja. Mama yake akaleta ugali, akatuomba tule kwanza.

Jambo moja mkuu yule alinifanyia, nalo sijui alilitoa kwenye madaraka ya nani. Alipokuwa anaondoka alisema boti hawezi kulibomoa, kwa sababu boti si jengo. Nilimalize. Siku likishuka majini, karakana nayo iondoke.

Sasa nikawa na kazi ambayo kila msumari wake unanitoa kwangu. Mwenye boti, aliposikia boti halitabomolewa, alileta mbao zote kwa mara moja. Mafundi wakachangamka. Nilijaribu kuchelewa, nilikataa mbao nzuri nikisema zina ufa, nilirudia kuziba kwa pamba maungio ya mbao yaliyokwisha kuzibwa. Lakini mimi siwezi kujenga vibaya hata nikitaka, mkono unakataa. Boti likawa tayari, zuri kuliko yote niliyojenga, na anayebisha aende Ukerewe akaliangalie.

Siku ya kulishusha walikuja watu wengi, wakavuta kamba kwa kuimba kwa Kisukuma, likaingia ziwani kama limezaliwa humo. Nilipata kiwanja ng'ambo ya barabara, nyuma ya mama ntilie. Maboti yangu sasa yatavuka lami kabla ya kuonja maji, na nani atasimamisha magari siku hiyo, sijauliza, naogopa nitajibiwa.

Asubuhi iliyofuata niliwaambia mafundi tuanze kuezua bati. Hakuja afisa, hakuja askari, wala hakuna aliyetutazama. Mama ntilie alivuka na birika la chai, akanikuta nimepanda juu ya ukuta na nyundo.

"Nani kakuamuru?" akauliza. Na mara hii hakuniita Asiguswe, aliniita fundi.

Nilitaka kusema Rais. Nikataka kusema mkuu wa mkoa, nikataka kusema sheria, nikataka kusema Bunge, nikataka kusema mimi. Nikamwomba aweke birika chini anishikie ngazi.