Mzigo Usizidi Sitini

Lesikar wa Elerai alikuwa mjinga wa aina mbaya kuliko zote, yaani mjinga aliyekwenda shule. Alikaa misheni miezi michache, akatoka na kofia kuukuu, kipande cha chaki na somo moja. Wajerumani wa boma la Arusha walipotafuta mnyapara wa wapagazi walimchukua yeye, kwa kuwa alijua kusoma mizani. Watu wakamheshimu. Kwa maoni yangu, ile heshima wangempa punda angalau ingekuwa na faida.

Amri ilikuwa nyepesi: mzigo wa mpagazi usizidi ratili sitini. Lesikar akaiandika kwa chaki kwenye ubao wa mizani kama alivyofundishwa: m ≤ 60.

"M ni mzigo wowote ambao hatujaupima," aliwaambia wapagazi, kidevu juu. "Mdomo huu huachama upande wa mkubwa, na hapa mkubwa ni sitini. Kistari hiki cha chini maana yake sawasawa."

Mpaka hapo hakukosea. Alikosea pale ambapo hata mchunga ndama asingekosea: alikipenda kile kistari, akausahau mdomo. Kwake yeye "usizidi sitini" ilikuwa "utimie sitini". Mzigo wa hamsini ulikuwa kosa, wa arobaini ulikuwa uvivu. Basi akaokota mawe ya mto Themi, akawa anajazia kila mzigo mpaka mizani isome sitini barabara. Sumari, msaidizi wake aliyeshika kiboko, alifundishwa hivyo hivyo, na kichwa cha Sumari kikishaingiza jambo hakilitoi tena.

Simel, baba wa mama yangu, alikuwa mgonjwa wa kifua. Alipoamriwa kwenda Moshi na msafara alijua kwamba mzigo mzito ungemwua njiani. Asubuhi ya kuondoka akabahatika kupewa kasha la vioo vya kupigia picha, mali ya bwana mkubwa wa Kijerumani aliyeongoza msafara. Mizani ikasoma thelathini na nane. Babu akamshukuru Mungu, mapema mno.

"Shikamoo, mzee," Lesikar akasema, kisha akafungua kasha na kuanza kupanga mawe juu ya vioo. Juu ya vioo! Ndiyo akili tuliyowekewa kuwa mnyapara.

"Mwanangu, husikii kifua hiki kinavyokoroma?" babu akamwambia. "Amri inasema nisizidishiwe. Haikusema nisipunguziwe."

"Mzee, wewe umesoma wapi?"

Babu akaliinamia kasha. Akajitwika.

Hakufika mbali. Kwenye kivuko cha kwanza nguvu zilimwisha, akaanguka na kasha lake. Bwana mkubwa akalifungua mwenyewe. Vioo vilikuwa vipande vitupu, na katikati yake mawe. Akamgeukia babu, uso umemwiva kwa hasira. Mwizi huyu ameiba nini humo, akaweka mawe mahali pake? Sumari akakunjua kiboko. Babu alikuwa amelala matopeni, hana pumzi hata ya kusema "si mimi", na viboko kwa kifua kile vilikuwa ni kaburi.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Lesikar alijitokeza mbele, kofia mkononi, akitabasamu kama anayengoja kusifiwa.

"Mawe ni yangu, bwana. Mzigo ulipungua, nikautimiza. Sitini barabara, kama amri."

Bwana mkubwa akamwacha babu, akamgeukia Lesikar. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, kila mtu akasikia: "Huyu, viboko. Visizidi ishirini na tano."

Wakamlaza. Kufikia kiboko cha tano Lesikar alikuwa ameipata elimu yote aliyoikosa misheni.

"Visizidi!" akapiga kelele. "Si lazima vifike! Vitano ni halali! Kimoja ni halali! Hata bila kiboko amri imetimia! Mdomo, Sumari, angalia mdomo!"

Babu aliishi miaka mingi baada ya hapo, na alipenda kusema kwamba hajapata kumsikia mwalimu akieleza somo vizuri namna ile. Lakini Sumari alikuwa mwanafunzi wa Lesikar, akaendelea mpaka vikatimia.