Samli ya Magokoro na Mchezo wa Redio

Enzi zetu kule Kebirigo, redio ilikuwa moja tu kijijini, ya baba mdogo aliyekuwa mwalimu. Jumapili alasiri tulijazana chini ya dirisha lake, nguo zikiwa zimejaa tope la kuteleza mteremkoni kwa magome ya migomba. Vijana wa leo simu ikizima kidogo wanakosa raha. Sisi tulianika mawe ya redio, yaani betri zake, juani tangu asubuhi, ili tu mchezo wa nusu saa usikatike.

Mchezo wenyewe ulihusu majirani wawili. Mmoja mjanja, alipikia mafuta ya kopo, na jina la mafuta hayo halikumtoka mdomoni. Mwingine mshamba, alipikia samli, na wageni walikimbia chakula chake. Magokoro, yaani nyanya yangu, hakujua Kiswahili, kwa hiyo mimi wa darasa la nne nilikuwa mkalimani wake. Alimcheka mshamba yule mpaka machozi, kisha akanipa ndizi mbivu ya shukrani. Kwa nini mshamba anachekwa, hilo sikumfasiria.

Sabato moja wageni wa kanisa walikuja kutoka Ikonge. Magokoro akaleta ugali wa wimbi na chinsaga, mboga yetu chungu aliyoipika siku moja kabla na kuitia samli aliyoitikisa mwenyewe kwenye kibuyu. Nikasukuma sahani.

"Inanuka kama ya yule mshamba wa redioni," nikasema, tena kwa Ekegusii, asije akakosa kusikia.

Wageni wakacheka, maana nao walikuwa wakiusikiliza mchezo. Magokoro akacheka nao, kisha akaniuliza polepole, "Kumbe siku zote hizi nilikuwa nikijicheka?"

Sikuomba msamaha. Wiki iliyofuata nikaona kopo la mafuta kwenye rafu yake. Chinsaga ile ile nikaila mpaka nikaramba vidole, nikatangazia kila mtu kwamba sasa kwetu tumeendelea. "Kula, mjukuu wangu," akasema.

Tulipokwisha kumzika, mama ndiye aliyeniambia. Kopo lile Magokoro aliliomba likiwa tupu kwa mke wa mwalimu. Ndani aliweka samli yake. Alitaka tu nile.

Ukubwani nilikuja kujua kwamba mchezo ule ulilipiwa na wenye mafuta. Naona aibu mpaka leo, na kujua huko hakukuipunguza. Wajukuu wangu hukaa sebuleni wakiwacheka wachekeshaji kwenye simu, na kila mchekeshaji ameshika soda, jina la soda likitutazama. Natamani kuwakemea, nashindwa. Wao wameziba masikio kwa visikizio, kila mtu anadanganywa peke yake. Mimi uongo ule niliufikisha kwa Magokoro kwa mdomo wangu mwenyewe, nikala na ndizi zake.