Magoti Uwanjani Garissa

Kama kuna kitu kinachonichoma, ni mtu kuiita ala yangu ya muziki kwa jina lisilo lake. Zumari ninalopiga, lile lenye mfuko wa kubana kwapani, ni la Uskoti. Nilifunzwa kulipiga katika bendi ya polisi, na tangu nistaafu nije kufundisha muziki kwenye chuo cha ualimu hapa Garissa, sijachoka kusahihisha watu. Si tarumbeta. Si filimbi. Ni zumari la Uskoti, asante.

Mwaka huo nilipania kuwapeleka wanafunzi wanane uwanjani sikukuu ya Jamhuri, wacheze ile ngoma ya Waskoti ya kuruka juu ya panga mbili zilizopishana bila kuzigusa. Badala ya panga tulitumia bakora za kuchungia ngamia. Niliwashoneshea sketi za mirabamiraba, zenye marinda nyuma, zinazoishia katikati ya goti kama inavyotakiwa. Fundi wangu, mtu wa Machakos, alicheka mpaka akaangusha sindano.

Wenyeji hawakucheka. Hapa mwanamume hujifunga maawis, kikoi chake, na kwenda nacho hata msikitini, kwa hiyo sketi haikuwashangaza. Walichoona wao ni magoti. Siku tatu kabla ya sherehe, baba wa mchezaji wangu hodari, muuza ngamia kutoka Griftu, alikuja chuoni, akatazama mazoezi hadi mwisho, kisha akanipa mkono.

"Maalim, ngoma ni mzuri, mashallah. Lakini mwanaume hatoki na goti wazi, dini yetu hakubali. Hawa wanane hawachezi hivyo. Funika, bas."

"Yakifunikwa haitakuwa ya Uskoti tena."

"Itakuwa ya nani?"

Nilizidi kukasirika. Kesho yake wanafunzi wote wanane walikuja na maawis, wamezikunja kiunoni hadi zikaishia chini kidogo ya goti. Ama wacheze hivyo, ama wasicheze kabisa. Niliwapigia zumari shingo upande.

Siku yenyewe nilivaa sketi yangu ya bendi. Niliapa kwamba hiyo siivui kwa ajili ya mtu. Yule muuza ngamia akanifuata nyuma ya jukwaa, ameshika maawis mpya, nyekundu yenye miraba ya kijani. Alininyooshea tu akangoja, na wanafunzi wangu wanane wakinitazama. Nikaichukua, nikaifunga juu ya sketi yangu, na joto lile la Desemba!

Tukaingia. Sijawahi kupiga vile maishani. Miguu kumi na sita iliruka na kutua, na hakuna bakora hata moja iliyotikisika. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilijivuna, sifichi. Kifua kilinijaa hata nikaogopa pumzi ya zumari ingenikatika.

Tulipomaliza, afisa mmoja mgeni alimwinamia muuza ngamia, mimi nikiwa hatua mbili tu kutoka kwao.

"Hii ngoma ni ya watu gani?"

"Ya kwetu," akajibu bila kufikiri. "Wewe hujui? Ni ya hapa Garissa."

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Kisha nikaurudisha kwenye zumari, nikawapigia tena.