Mdomo wa Mzee Lenzi na Nishani ya Baba

Mume wangu ni fundi saa, na angeishia kwenye saa tu nisingekuwa na neno naye. Ana kibanda kwenye kona ya soko, kati ya mshona viatu na mashine ya kusaga, na kutwa nzima anakaa pale na lenzi yake nyeusi imebanwa jichoni mpaka imemchora duara chini ya nyusi. Watu walishasahau jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Mzee Lenzi, na wanetu wamesoma shule yote wakiitwa watoto wa Lenzi.

Kinachonimaliza ni nishani. Nishani za kijeshi za zamani, za enzi za madola makubwa na wafalme wao, zenye tepe zilizochakaa na pini zilizoshika kutu. Alianza ujanani, mteja mmoja alipoleta saa ya mfukoni iliyofungwa na nishani kwenye mnyororo mmoja, akaja kuchukua saa, nishani akaiacha. Tangu hapo hakupona. Anaziokota kwa wauza vyuma chakavu, kwenye minada ya vitu vya marehemu, kwa wajukuu wasiojua wana nini mkononi. Nyumbani ziko kwenye kopo la biskuti, kwenye droo ya vijiko, ndani ya soksi. Nimewahi kuchota sukari nikatoka na uso wa mfalme.

Mimi ni fundi cherehani, kitambaa nakijua. Utepe ukichakaa, mtu mwenye akili angeniachia niubadilishe, dakika mbili kazi imekwisha. Yeye hataki hata niuguse. Anaugeuza nyuma na kuniita nitazame upande ambao jua halikufika, maana eti huko ndiko rangi yenyewe ilikobaki. Kisha anachomoa uzi mmoja na kuuchoma kwa kiberiti. Ukiyeyuka anasonya, ni wa juzi. Ukinuka nywele zilizoungua anacheka peke yake kama aliyepata mtoto, ni hariri. Nyumba inanuka nywele, mgeni anabisha hodi, mimi sina la kumweleza.

Kuna siku nilimsugulia nishani tano kwa majivu na limau, nikidhani namfurahisha. Hakula mpaka kesho yake. Alisema nimefuta watu. Nikamuuliza watu gani, akanionyesha ukingo wa moja ambayo sikuwa nimeifikia, pale pembeni ambapo hakuna anayeangalia, na kweli palikuwa na namba na jina la askari, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Tangu siku ile nikapigwa marufuku. Niliyoruhusiwa kuing'arisha ni moja tu, ya marehemu baba yangu, iliyokuwa imetundikwa ukutani sebuleni. Ile niliisugua kila Jumamosi na hakuwahi kunikataza. Nikajua ni heshima kwa mkwe wake.

Na ilistahili heshima. Baba alivuka mto risasi zikinyesha, akambeba afisa wake mgongoni mpaka ng'ambo, na mfalme mwenyewe akaagiza apewe nishani ya ushujaa. Hadithi hiyo nimekua nayo, nimewalaza nayo wanangu, na hakuna aliyewahi kuingia sebuleni kwangu akatoka bila kuisikia.

Lakini nishani zingekuwa nishani tu kama huyu mwanamume angekuwa na mfuniko mdomoni. Hana. Watu wanamletea vitu vya wazee wao, macho yanawang'aa, naye anaweka lenzi, anageuza mara mbili, anasema ukweli wote bila hata kumeza mate. Jirani wa mkono wa kulia alileta medali ya babu yake shujaa. Lenzi akamwambia mbele ya wanawe, "Hii ni ya maonyesho ya mifugo. Babu yako alikuwa na fahali mzuri sana." Jirani yule mpaka leo akiniona anatazama mawingu. Kaka yake mwenyewe, mkubwa wake wa kuzaliwa, alivaa nishani ya baba yao kwenye arusi. Lenzi akamvuta kando, lakini sauti yake haijui kando ni wapi, akamwambia ile ni beji ya makondakta wa mabasi. Ukumbi mzima ulisikia. Nilitamani ardhi ipasuke, na isinimeze mimi, immeze yeye.

"Nimesema uongo?" huniuliza nikimgombeza.

"Aliyekuuliza ukweli ni nani?"

"Wameniletea nitazame."

Utaongea na mtu kama huyo? Sikio la kufa halisikii dawa.

Ndiyo maana binti yetu, kitinda mimba, aliposema wazazi wa kijana wake watakuja kutuona, furaha yangu ilidumu mpaka aliposema neno la pili. "Baba yake kijana ana nishani ya marehemu babu yao," alisema. "Amesikia habari za baba, anataka kuja nayo."

Nilikaa chini. Kijana ni mwema, kazi anayo, binti anampenda mpaka anaimba akifua. Wazazi wenyewe ni watu wa heshima, baba dereva wa treni mstaafu, mama muuguzi, na walikuwa wametuma salamu wakisema wakiridhika na sisi watatoa baraka siku hiyo hiyo. Wakiridhika! Na mume wangu amekaa sebuleni na lenzi yake, tayari kuwaambia kwamba babu yao alikuwa na fahali mzuri.

Nikamfundisha kama anayefundisha mtoto salamu. "Baba watoto, hata wakikuonyesha kifuniko cha soda, utasema nzuri. Halafu?"

"Halafu nanyamaza."

"Na wakikuuliza zaidi?"

"Nzuri sana."

"Ukiharibu, mimi na wewe hatutajuana."

"Sawa, mama watoto," alisema kwa upole ule wake unaozidi kunipandisha hasira.

Wageni walikuja wamependeza, kijana wao akiwa nyuma yao. Dereva wa treni ni pande la mtu lenye sauti ndogo, mkewe mcheshi, chai ikanyweka, vicheko vikapatikana. Nikaanza kupumua. Ndipo mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa leso iliyokunjwa.

"Mkwe," alimwambia mume wangu, "sifa zako zimefika kwetu. Hii ni ya marehemu baba. Hebu nitazamie."

Lenzi akaweka lenzi jichoni. Akageuza ukingo, akageuza utepe, na uso ukamchangamka kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Nzuri," alisema.

"Nzuri kivipi?" mzee aliuliza.

"Nzuri sana."

Mzee akamtazama mkewe, mkewe akatazama kikombe. Mtu amesafiri na kitu cha baba yake, anajibiwa kama anayeulizwa habari za asubuhi. Nikaona jahazi linazama, nikainuka kuliokoa mwenyewe. Nikaufuata ukuta wa nishani ya baba.

Lenzi akanishika mkono. "Mama watoto, acha. Chai ya wageni inapoa."

"Niachie," nikasema huku nikitabasamu kwa wageni. Nikaitoa kwenye msumari na kuwasimulia yote, mto, risasi, afisa mgongoni, mfalme. Niliisimulia vizuri, sitasema uongo. Mzee alisikiliza mikono ikiwa magotini. Nilipomaliza akaomba aziweke pamoja, akazilaza mezani, yangu inang'aa kama kijiko kipya, yake nyeusi kama sufuria ya shughulini.

Zote mbili zilikuwa na mfalme yule yule, ametazama upande ule ule, na maandishi yale yale yakimzunguka. Utepe wangu tu ndio uliokuwa umepauka, maana ukuta ule unapigwa na jua la dirishani. Mzee, kwa kuwa alimwona Lenzi akifanya hivyo, akaugeuza nyuma. Samawati, na mstari mweupe katikati, kama wake.

"Mbona ni pacha?" aliuliza, bila ubaya wowote. "Baba yangu alikuwa mpagazi. Alituambia vita vilipoisha walipangwa mstari, kila aliyekuwepo akapewa yake. Hata wapishi, hata mchunga nyumbu wa mizigo."

"Haiwezekani," nikasema. "Ya baba yangu ni ya ushujaa. Labda baba yako aliipata kwa mtu."

Yalinitoka. Niliyasikia yakiwa yameshafika katikati ya meza. Mama muuguzi akaweka kikombe chini. Binti yangu akasema, "Mama!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mzee akaanza kuikunja nishani yake kwenye leso, taratibu.

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nikamgeukia mume wangu. "Mwambie, baba watoto! Mwambie tofauti yake!"

"Zote mbili nzuri," alisema.

"Achana na nzuri! Sema kweli!"

Akaitoa lenzi jichoni na kuiweka kwenye kiganja. "Ni moja," alisema. "Hii ni ya wote waliokuwepo vitani. Ya ushujaa ni nyingine kabisa, haifanani na hizi."

Nikaenda jikoni. Sikuaga, sikusema nafuata nini. Nilisimama mbele ya karo nikafungua bomba, nikalifunga, nikalifungua tena. Akanifuata.

"Umejua tangu lini?" nikamuuliza bila kugeuka.

"Tangu siku niliyokuja kwenu kujieleza."

"Dunia nzima umeiambia! Umewaambia majirani, umemwambia kaka yako, hukumwacha hata mtu mmoja na babu yake! Mimi ndiyo ukaniacha niimbe wimbo huu maisha yangu yote?"

"Baba yako alinipa niishike mbele ya watu," alisema. "Akanieleza habari za mto. Mimi nina lenzi mfukoni, nikaitazama. Nikawaambia sijawahi kuona nishani ya ushujaa iliyotunzwa vizuri kama ile."

"Wewe? Ulidanganya?"

"Wewe ulikuwa umesimama mlangoni unaniangalia."

Nikalifunga bomba.

"Wakati naondoka alinisindikiza mpaka barabarani," akaendelea. "Akaniuliza, 'Kijana, umeona nini?' Nikamwambia, 'Nimeona nishani ya ushujaa, mzee.' Akanipa mkono. Halafu akasema, 'Waambie wazee wako waje.'"

Nilitamani nimpige na mwiko. Nilitamani nimkumbatie, na hilo likanikera zaidi. Mwanamume ameropoka kwa watu wote wa mji huu, kumbe kinywa chake kinaweza kufungwa, kilifungwa na baba yangu barabarani, nao wawili wakatembea na siri hiyo mpaka mmoja akaingia nayo kaburini.

"Sasa huko vitani alifanya nini hasa?" nikauliza.

"Sijui. Hakuniambia. Ungemuuliza wewe."

"Ningemuulizaje, na nilishajibiwa?"

Nikajifuta uso kwa upindo wa khanga na kurudi sebuleni.

Mzee alikuwa ameshasimama, leso iko mfukoni. Mkewe ametundika mkoba begani. Kijana anatazama sakafu, na binti yangu ananitazama mimi kama mtu asiyenijua. Siku zote hizo nilikuwa nauchunga mdomo wa mume wangu, wangu nikauacha wazi.

"Mkwe," nikasema, "nimekukosea. Na nimemkosea marehemu baba yako. Naomba ukae."

Hakukaa. Nikavuta kiti changu karibu na meza, nikakaa mimi. Nishani ya baba ilikuwa bado pale imelala kifudifudi, sikuigusa.

"Huo upagazi," nikasema, "ulikuwaje? Walikuwa wanabeba nini? Niambie yote aliyokusimulia, hata madogo. Wangu hakuniambia kitu."

Mama muuguzi akashusha mkoba begani, akauweka kitini.

"Masanduku ya risasi," mzee alisema huku akikaa. "Na viatu hawakupewa."